Kusokota Chuma kwa Mkono

Mhadhara kwa wanafunzi wa mafunzo ya amali, Unguja

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Walimu wangu, wazee mliofika, na nyinyi wanangu wa karakana, vijana na mabinti.

Hivyo vipande viwili vinavyopita huko nyuma, vishikeni, msivitazame tu. Chenye kutu kimetoka kwenye reli ya roshani ya nyumba moja Kiponda, humu Mji Mkongwe. Tulikitoa kwa sababu mguu wake ulishaliwa wote. Pitisha kidole gumba juu ya ukingo wake, ufuate unavyozunguka. Ukingo unarudi ulipoanzia baada ya sentimita 11. Cha pili ni cha dukani, kimesokotwa na mashine na kimekuja kwa kontena. Hicho mzunguko wake ni sentimita 7. Unene ni ule ule na rangi tutavipaka ile ile, lakini kiweke hicho cha pili katikati ya wenzake wanane wa zamani, na mtu anayepita chini na kikapu chake cha sokoni atakiona. Hatajua kasoro ni nini, ila jicho lake litasimama hapo.

Ndiyo sababu nimeitika mliponiita. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kila siku pana reli, dirisha au geti linalodai fundi. Vyuma vya kontena havikutengenezwa kwa ajili ya nyumba hizi. Anayeweza kuzirudishia sura yake ni mtu mwenye jiliwa la kubania chuma, mkono wa kusokotea na hesabu kichwani. Mtu huyo nataka awe mmoja wenu.

Tuanze na chuma chenyewe, kwa sababu si kila chuma kinakubali kusokotwa. Mnaijua Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, aliyoijenga Seyyid Barghash mwaka 1883. Nguzo zake za roshani zilikuwa za chuma cha kumimina. Chuma cha namna hiyo kina kaboni nyingi, asilimia 2 na zaidi. Kinabeba mzigo mkubwa sana ukikikandamiza kwa juu, lakini ukikipindua kinavunjika kama kopa la muhogo. Springi ya gari nayo ina kaboni ya kutosha kukukatikia mkononi ikiwa baridi, na kipande kikiruka hakichagui jicho la nani. Tunachokitaka sisi ni chuma laini cha mraba, ambacho kaboni yake haifiki hata robo ya asilimia moja. Ukiwa na kipande cha chakavu na huna uhakika nacho, kiguse kwenye grenda utazame cheche. Chuma laini kinatoa cheche ndefu za manjano, zenye matawi machache. Springi inapasuka vinyota vingi. Chuma cha kumimina kinatoa cheche fupi, nyekundu, zinazofifia mapema. Jicho likishazoea, hamtahitaji kuuliza muuzaji.

Na lazima kiwe mraba, au kiwe bapa. Cha mviringo ukikisokota umejichosha bure, maana hakina pembe ya kuonesha kilichotokea.

Nani hapa ametoka pwani ya mashariki? Basi mmewaona mama zetu na usumba. Makumbi yanafukiwa kwenye tope la bahari miezi kadhaa, yanafukuliwa, yanapondwa, kisha nyuzi zinasokotwa kwa viganja. Nyuzi zinakwenda upande mmoja, halafu zinapotwa pamoja kwa upande wa pili. Kila mmoja anataka kufumuka na mwenzake anamzuia, ndipo kamba inatulia. Chuma hakina mwenzake wa kumzuia. Kinajizuia chenyewe, kwa sababu ukikizungusha kupita kiwango fulani kinakubali sura mpya na hakirudi. Kabla ya kiwango hicho kinarudi chote. Baada yake kinarudi kidogo tu, na hicho kidogo ndicho kinachowaangusha wanaoanza. Umehesabu mizunguko mitatu sawasawa, ukaachia, na chuma kikajirudisha. Kwa hiyo unapita alama kidogo, unalegeza taratibu, unatazama kimetulia wapi. Kiasi cha kupita utakipata kwa kipande cha majaribio cha chuma kile kile, maana kila fungu la dukani lina tabia yake.

Tena chuma kilichosokotwa kikiwa baridi kinatoka kigumu kuliko kilivyoingia. Sisi tunapenda msokoto kwa uzuri wake, lakini kuna mtu aliyeutaka kwa nguvu zake. Ernest Ransome, Mwingereza aliyehamia San Francisco, mwaka 1884 alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kusokota vyuma vya mraba na kuvifukia ndani ya zege. Pembe zinazozunguka zinaishika zege, vyuma visichomoke, na chuma chenyewe kimeshakazwa. Mwaka 1889 alijenga kwa vyuma hivyo daraja dogo la Alvord Lake katika bustani ya Golden Gate, na mpaka leo lipo. Nondo mnazoziona kwenye majengo, zenye mistari ya kuparuza, zimetoka katika wazo hilo hilo la kuipa zege mahali pa kushika.

Sasa nguvu. Nimeona vijana wanaogopa chuma kirefu wakadhani kitawashinda. Urefu hauongezi uzito wa kuzungusha hata kidogo. Kipande cha nusu mita na cha mita moja vinadai nguvu ile ile, tofauti ni mizunguko tu. Kinachowashinda watu ni unene. Chuma cha milimita 16 kinadai zaidi ya mara mbili ya nguvu ya kile cha milimita 12. Cha milimita 20 kinadai mara nne na nusu. Ukiuzidisha unene mara mbili, nguvu inakuwa mara nane. Kwa mkono wa kusokotea wenye sentimita 40 kila upande, chuma laini cha milimita 12 kinaanza kukubali kwa kilo 10 mpaka 15 kwa kila kiganja, na kinazidi kuwa kizito kadiri unavyokwenda. Hiyo ni kazi ya mtu yeyote mwenye afya, na nyinyi mabinti msikubali kuambiwa vinginevyo. Chuma cha milimita 20, mimi sikisumbui kikiwa baridi. Nakipeleka motoni.

Mkono wenyewe tengenezeni wa pande mbili, wenye tundu la mraba katikati. Spana ya upande mmoja inazungusha na kusukuma kwa pamoja, chuma kinatoka kimesokotwa na kimepinda. Mikono miwili ikisukuma sawa, hakuna kinachosukumwa kando. Na kivisheni bomba. Kwa chuma cha milimita 12, kona kwa kona ni milimita 17, basi bomba lenye uwazi wa 18 hadi 20 linatosha kukizuia kisiyumbe. Kikipinda hivyo hivyo, kinyoosheni juu ya gogo kwa nyundo ya mti. Nyundo ya chuma inazibonyeza kingo, na kovu la ukingo halifichiki kwa rangi.

Hapa sitakwenda mbio, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia mimi.

Nilipewa reli ya ngazi, nyumba ya Malindi ya hapa Unguja, vyuma 24. Mwenye nyumba alikuwa bibi mtu mzima. Nilisokota 12 asubuhi. Adhuhuri ikaingia, nikaenda kusali, niliporudi nikalisogeza jiliwa kidogo ili nikae kivulini, nikafunga upya. Umbali kutoka meno ya jiliwa mpaka kwenye mkono wa kusokotea uliongezeka kwa upana wa vidole viwili. Sikupima. Nilihesabu mizunguko ile ile minne, nikamaliza 12 vya pili, jioni nikafurahi. Tulipovisimamisha vyote nikaona, na sikutaka kukiri. Vyuma vikikaa sawa, kingo zinajipanga kutoka kimoja hadi kingine kama wimbi linalopanda ngazi pamoja nawe. Wimbi langu lilikuwa linakatika. Bibi alisimama chini, ameshika mtandio wake, akatazama kimya, kisha akasema, "Mwanangu, mbona vyuma vyako vimegombana?" Hakujua mambo ya jiliwa wala mizunguko. Nilivitoa 12, nikanunua vingine kwa fedha yangu, nikavirudia. Maneno yale yana miaka mingi na bado nayasikia kila ninapofunga jiliwa.

Basi fanyeni hivi. Sehemu ya kusokotwa itieni alama mbili za tindo, zile za kuhisi kwa ukucha, maana chaki inafutika kwa jasho. Meno ya jiliwa yakae kwenye alama ya kwanza, mkono wa kusokotea kwenye ya pili, kwa kila chuma bila kubahatisha. Wekeni kipande cha mti kilichokatwa kwa urefu huo kiwe kipimo. Hesabuni kwa robo, kwa sababu mraba una nyuso nne na kila robo uso mpya unakuja juu. Hesabuni kwa sauti. Mtu akija na salamu, mwacheni asubiri mpaka chuma kiishe. Na mkianza kwa upande wa kulia, vyote viende kulia, isipokuwa mmekusudia kuvipishana, cha kulia na cha kushoto, kama wafanyavyo wengine kwenye mageti yenye milango miwili.

Msisahau kwamba chuma kinafupika. Chukua kipande cha milimita 12, kisokote mzunguko mmoja ndani ya milimita 100. Kama urefu ungebaki vile vile, ukingo wake ungelazimika kusafiri milimita 113. Kingo zinavutika, moyo wa chuma unabanwa, na vikishindana urefu wote unapungua. Kwa hiyo msikate vyuma 24 halafu ndipo msokote. Kateni kimoja, kisokoteni, kipimeni, halafu kateni vingine.

Moto una adabu yake. Mimi natumia makaa ya vifuu, yana joto safi. Weka jiko kivulini, kwa sababu juani chuma kinaonekana cheusi na kumbe kimeshaiva. Kikiwa chekundu kama basbasi mbichi bado ni mapema. Ngoja kifike rangi ya papai bivu, na kwa chuma kinene kisogee kwenye manjano. Kikianza kurusha vinyota vyeupe, kinaungua, na chuma kilichoungua hakina dawa. Shida ya moto ni kwamba palipo na joto zaidi ndipo panapozunguka zaidi. Unaona msokoto unakaza katikati na kando umelala. Hapo shika birika lenye mdomo mwembamba, mimina maji tone kwa tone pale panapokimbia. Panapoa, panasimama, na kando panapata nafasi ya kuwafikia wenzao. Chuma laini hakidhuriki kwa maji hayo, springi ingekakamaa na kuvunjika. Kazi hii inataka watu wawili, mmoja wa mkono wa kusokotea na mmoja wa birika, na wa birika ndiye fundi.

Kitu kimoja msikifanye hata kwa kujaribu. Msipashe moto chuma kilichopakwa zinki, yale mabomba ya maji yanayong'aa. Zinki inachemka kabla chuma hakijafika rangi ya kusokotwa, inatoa moshi mweupe, na ukiuvuta, jioni unatetemeka kwa homa ukadhani ni malaria.

Halafu bahari. Sisi tunaishi ndani ya chumvi. Rangi haipendi ukingo mkali, inaukimbia na kubaki nyembamba pale pale, na chuma kilichosokotwa ni ukingo mtupu. Kabla ya redi oksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, pitisheni tupa mara moja, kuondoa ukali tu. Rangi ya kwanza ipakeni kwa brashi ndogo juu ya kingo peke yake, mkizifuata zinavyozunguka, kisha ndiyo mpake chuma kizima. Jambo la pili ni maji ya mvua. Yanashuka kwa kuufuata msokoto kama mtu anayeshuka ngazi za mnara, mpaka kwenye mguu, pale chuma kinapoingia ukutani. Ndiyo maana hicho cha Kiponda kililiwa mguuni na kichwa chake kizima. Kutu inachukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoizaa, na kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa. Kutu ikivimba humo ndani, inalipasua jiwe. Acheni sentimita 10 za mwisho bila kusokotwa, ili maji yapoteze njia na rangi ishike vizuri. Fundi aliyetutangulia Kiponda alisokota mpaka chini kabisa. Mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, lakini hilo moja nitalibadilisha, na nimeshamwambia mwenye nyumba sababu yake.

Jiliwa nimelifunga pale nje chini ya mwembe, na chuma cha milimita 12 kipo tayari kimetiwa alama. Wewe binti uliyekaa karibu na mlango, ndiyo, wewe. Njoo ushike upande huu. Vua bangili kwanza. Mizunguko minne, robo kwa robo, na wote mliobaki hesabuni naye kwa sauti.