Gauni Moja la Buluu, Wanawake Watatu

Walimu wangu, wanafunzi, nawashukuru kwa kunialika. Hili nimelisema kila nilipopewa kipaza sauti, na leo nalirudia: gauni analovaa bibi tajiri kwenye picha ya karne ya 18 si ushahidi wa nguo alizokuwa nazo kabatini.

Tazameni hapa. Huyu ni Mercy Otis Warren. Alichorwa na John Singleton Copley, mchoraji wa Boston, Marekani, yapata mwaka 1763, na picha iko Boston mpaka leo. Gauni la satini ya buluu, mapambo ya rangi ya fedha, lesi nyeupe imemwagika viwikoni. Kila muhula nasoma insha zinazosema gauni hili laonyesha utajiri wake. Haya, na huyu? Mary Turner, mke wa Daniel Sargent, 1763. Gauni lilelile. Na huyu wa tatu, Mary Toppan, mke wa Benjamin Pickman, mwaka uleule. Gauni lilelile! Nyumba tatu zenye uwezo, mchoraji mmoja.

Mtu ataniambia labda waliazimana, au fundi wao alikuwa mmoja. Tuseme ni hivyo. Basi anieleze habari ya Mary Sherburne, mke wa Bowers. Copley alipomchora alikuwa na picha ya chapa kutoka Uingereza, iliyonakiliwa kutoka kwa mchoro wa Joshua Reynolds unaomwonyesha Lady Caroline Russell. Akachukua mkao, akachukua gauni, akachukua hata mbwa aliyepakatwa. Uso tu ndio akaweka wa Mary. Na chapa zile hazikuwa na rangi, kwa hiyo rangi ya gauni mnayoiona ni uamuzi wa mchoraji. Insha inayoisifu satini ile inamsifu nani?

Wala msiseme bibi huyo alidanganya. Wangapi humu mna picha ya babu amevaa koti la studio? Koti halikuwa lake, lakini heshima aliyotaka wajukuu waione ilikuwa yake. Ndiyo maana nawasihi muulize: bibi huyu alitaka aonekane nani, na mbele ya nani? Mercy baadaye aliandika tamthilia dhidi ya watawala wa Kiingereza, na mwaka 1805 akatoa historia ya Mapinduzi ya Marekani kwa juzuu tatu. Pichani hana kalamu wala kitabu. Ameshika mmea wa maua unaotambaa. Hapo ndipo insha ingeanzia!

Nilikusudia kukaa sana na mkono wa Bibi Goldthwait katika picha ya Copley ya 1771, ule unaoelekea bakuli la matunda, ila mwenyekiti ananionyesha saa. Itazameni meza yake basi, ilivyong'arishwa hadi matunda yanaakisiwa juu yake. Mbao za mahogani za fanicha za matajiri wa Boston zilitoka Karibi na Amerika ya Kati, na waliokata magogo walikuwa watumwa. Anayetaka kuandika juu ya utajiri aanze na meza hiyo. Karibuni kwa maswali.