Nani Atamwambia Akae Benchi?

Haya, mnanisikia huko nyuma? Sawa. Sitaingia kwenye ule ubishi wa nani ni bora kati ya fulani na fulani, huo kila mtu ana wake na tungekesha hapa. Nilichoitwa kusema ni hiki cha klabu kusajili staa mkongwe, mtu wa miaka 34, 35, 37, jina kubwa, dunia nzima inamjua, viongozi wanasimama mbele ya kamera jezi imeinuliwa juu, mashabiki tunapiga kelele mpaka sauti zinakauka. Je tumsajili au tumwache? Nimeulizwa hili mara nyingi sana na kila mara watu wanataka niseme ndio au hapana. Mi huwa najibu kwa swali, nalirudia na leo: siku mambo yakigoma, dakika ya 60, timu imebanwa, nani ndani ya hiyo klabu atamwambia huyu bwana toka ukae benchi, na yeye akatoka akakaa? Kama huyo mtu hamna, msimsajili. Hata akija bure. Hata akisema mshahara mtanilipa mkipata.

Na kabla hamjanirushia maneno, mi siwachukii wakongwe. Chukueni Roger Milla. Mwaka 1990 ana miaka 38, yuko zake kisiwani Réunion anamalizia mpira wake taratibu, Rais Paul Biya mwenyewe anaingilia kati arudishwe timu ya taifa ya Kameruni aende Kombe la Dunia Italia. Ukiisikia hivyo tu unasema ndio ule ule ujinga, siasa imeingia, jina limempita kocha. Sasa angalieni ilivyokuwa. Milla hakuanza mechi hata moja kwenye mashindano yale. Hata moja. Na Romania aliingia kipindi cha pili akatupia mbili, dakika ya 76 na ya 86. Na Kolombia kaingia tena kipindi cha pili, mechi ikaenda dakika za nyongeza, akafunga mbili, ile ya pili ndio alimpora mpira kipa Higuita mbali kabisa na goli, wote mmeiona. Robo fainali na Uingereza akaingia baada ya mapumziko, akachezewa rafu ikawa penalti, Kameruni wakasawazisha, dakika chache baadae akatoa pasi ya goli la pili, wakawa mbele 2-1 mpaka penalti mbili za Lineker zikawatoa. Magoli manne, yote akitokea benchi. Mtu mzima wa miaka 38, shujaa wa taifa, rais kamsimamia, na bado yuko pale pembeni anapasha misuli anasubiri aitwe.

Watu wanakumbuka ile densi yake kwenye kibendera cha kona, mi nakumbuka lile benchi. Kwasababu hesabu ilikuwa hapo. Ukimpa nusu saa ya mwisho, mabeki miguu imeshakuwa mizito, akili ya mtu aliyeona mengi inamaliza kazi. Na alirudi tena Marekani 1994 akiwa na miaka 42, akaingia kipindi cha pili akafunga dhidi ya Urusi, ingawa siku ile Kameruni walipigwa 6-1, na goli la mzee halikubadili kitu. Hiyo nayo muiweke akilini.

Sasa nije kwenye mfano wangu, wanaonijua wanaujua. Cristiano Ronaldo, Manchester United, Agosti 2021, miaka 36. Naomba mnisikilize vizuri hapa maana hapa ndio watu hukasirika. Msimu wa kabla yake, 2020/21, United walimaliza wa pili kwenye ligi na pointi 74, magoli 73 wamefunga. Wana straika Edinson Cavani, nae mkongwe huyo, alikuja bure akiwa na miaka 33, anavaa namba 7, anakimbia kama ana deni, anawakabia mabeki wa wenzake kuanzia kule kule juu. Anakuja Ronaldo. Cavani anaachia namba 7 anachukua 21. Mechi ya kwanza na Newcastle Ronaldo anafunga mbili, uwanja unatetemeka, simu yangu siku hiyo haikulala, watu wananiambia umeona? umeona? Nikawaambia tukutane Mei, ligi ikiisha.

Mei ikafika. Ronaldo kafunga 18 kwenye ligi, 24 mashindano yote, kwa mtu wa umri ule ni kazi kubwa sana na simnyimi heshima yake. Timu imemaliza ya sita. Pointi 58, kidogo kuliko msimu wowote wa United kwenye Premier League mpaka wakati huo. Magoli ya kufunga 57, ya kufungwa 57. Hebu tulieni hapo kwenye hizo 57. Umeongeza mtu wa magoli 18 na timu nzima imepungukiwa magoli 16! Yameenda wapi? Cavani aliyekuwa na 10 kwenye ligi msimu wa nyuma akaishia na 2, maumivu nayo yalichangia, sawa, lakini na wengine je? Mpira ukifika eneo la hatari kila mtu anamtafuta yeye kwanza. Ukipotea, yeye harudi kukaba, na ana haki asirudi, mwili wa miaka 36 ukikimbia kukaba hauna tena nguvu ya kufunga, basi kiungo anabeba kazi ya watu wawili, beki wa pembeni anaogopa kupanda, mstari wote unarudi nyuma hatua kumi, na ukirudi nyuma hatua kumi wapinzani wanakuja na mpira mpaka mlangoni. Ndio maana walifungwa 57 wakati msimu wa nyuma walifungwa 44.

Najua, najua, namuona kaka pale kainua mkono. Unataka kusema bila magoli yake wangeshuka zaidi. Hiyo ndio kauli naisikia kila siku na inanichosha, kwasababu inachukulia kwamba ukimtoa yeye nafasi yake inabaki tupu, tunacheza kumi! Nafasi ile ingechezwa na mtu. Timu ingechezwa vingine. Mwaka mmoja nyuma ilichezwa vingine na ikafunga 73. Utasema pia kocha alifukuzwa katikati, na beki ilikuwa mbovu, nakubali vyote, sijasema yeye peke yake ndio kaiangusha timu. Nasema mliangalia safu ya wafungaji mkafurahi mkasahau kuangalia msimamo wa ligi.

Halafu sasa lile swali la benchi. Makocha watatu walipita juu yake ndani ya muda mfupi, Solskjaer, Rangnick, Ten Hag. Wa tatu ndio akajaribu kweli kumweka benchi. Oktoba 2022 United wanacheza na Tottenham, wanaongoza 2-0, moja ya mechi nzuri za msimu ule, Ronaldo yuko benchi, na kabla filimbi ya mwisho haijapigwa kanyanyuka kaenda zake vyumbani. Ten Hag akasema baadae kwamba Ronaldo alikataa kuingia. Mechi iliyofuata na Chelsea kaachwa nje ya kikosi. Mwezi uliofuata mkataba umevunjwa. Timu imeshinda na watu wanaongelea aliyeondoka! Wale vijana waliokimbia dakika 90 wakashinda 2-0 nani aliwataja kesho yake? Linganisheni na Milla pale pembeni anapasha.

Juventus nao hivyo hivyo kwa kifupi. Walimchukua 2018 kwa euro milioni 100, miaka 33, lengo likiwa moja tu, Ligi ya Mabingwa. Bila yeye walikuwa wameshafika fainali mbili, 2015 na 2017. Akiwepo, miaka mitatu, Ajax kawatoa robo fainali, Lyon kawatoa 16 bora, Porto kawatoa 16 bora. Yeye magoli 101 ndani ya mechi 134. Mnaona inavyojirudia?

Sasa mtu ananiambia, na hili nalisikia sana kwa viongozi, staa anakuja kufundisha vijana. Hapa naomba niseme ya kwangu. Niliwahi kuwa kocha msaidizi wa timu ya vijana kwenye klabu moja, jina silitaji, na tulikuwa na mtoto wa miaka 19, straika, tumemlea tangu ana 13. Msimu ule ndio alikuwa apandishwe. Dirisha la usajili likabaki siku tatu likaja jina kubwa, mtu nilikuwa na picha yake ukutani mi mwenyewe nikiwa kijana. Alikuwa mtu mzuri, mnyenyekevu kabisa. Lakini goti lilikuwa limekwisha, siku mbili kwa wiki hafanyi mazoezi na wenzake, na kila Jumamosi lazima aanze kwasababu mabango yameshabandikwa na tiketi zimeuzwa kwa sura yake. Yule mtoto akasugua benchi mechi tisa mfululizo. Ya kumi nikamkuta stoo ya vifaa anapanga mipira, nikamuuliza unafanya nini huku, akaniambia kocha angalau huku nina kazi. Hakuna kitu alifundishwa msimu ule zaidi ya kwamba kukimbia kwake hakuna maana. Na kosa si la yule mkongwe, yeye alipewa mkataba akasaini. Kosa ni letu tuliokaa kimya kwenye vikao, na mimi nikiwemo.

Kufundisha vijana kunawezekana, nimeona ikifanyika. Zlatan Ibrahimović alirudi Milan Januari 2020 akiwa na miaka 38, Milan imetoka kupigwa 5-0 na Atalanta, kikosi kimejaa watoto hawana wa kuwashika mkono. Mwanzo alianza karibu kila mechi na alistahili. Lakini 2022 wanachukua ubingwa wa Italia wa kwanza tangu 2011, yeye ana miaka 40, goti bovu, anaingia mwishoni mwishoni tu, namba tisa wa kuanza ni Giroud, na siku ya mwisho kule Sassuolo Giroud ndio kapiga mbili. Zlatan na mdomo wake wote ule! Kama kuna mtu ningesema hatakubali benchi ni yeye. Kumbe klabu ilikuwa na watu ambao anawasikiliza, Maldini, nahodha wao wa zamani, alikuwa ofisini, Pioli alikuwa kocha, wakubwa wanajulikana. Mnaona sasa kwanini swali langu linahusu klabu kuliko mchezaji.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nina mambo kama matano hapa, nitayapitia haraka.

Pesa. Mtu anakwambia tutauza jezi mshahara utarudi. Hairudi hivyo. Jezi ikiuzwa sehemu kubwa inaenda kwa kampuni inayoitengeneza, klabu inapata asilimia ndogo, waulizeni wahasibu wenu kabla hamjashangilia. Staa analeta wadhamini na ziara, hilo kweli, lakini ziara nazo zina yake. Februari 2024 Inter Miami, klabu ya Messi kule Marekani, wamekwenda Hong Kong, watu karibu 40,000 wamelipa kumuona Messi, Messi kaumia msuli, hajacheza hata dakika, uwanja mzima unazomea unataka hela zake. Siku tatu baadae Tokyo akaingia kipindi cha pili, ikawa kesi kubwa zaidi. Ukiuza mwili wa mtu wa miaka 36 kama bidhaa, ule mwili siku moja utagoma.

Na mtaniuliza, sasa Messi mwenyewe je, Miami walikuwa mkiani kabisa mwa kanda yao 2023, kaja, mwezi mmoja tu wakabeba Leagues Cup, kombe la klabu za Marekani na Meksiko. Kweli. Na walimjengea timu, wakamleta Busquets, wakamleta Alba, wenzake wa zamani wa Barcelona, wakaweka vijana wa kumkimbilia, na ligi yenyewe kasi yake inaruhusu. Halafu msimu ule ule alipoumia hawakufika hata mtoano. Nyie mna hiyo pesa ya kujenga timu nzima kumzunguka mtu mmoja? Basi.

Namba anayocheza. Kipa na beki wa kati wanachelewa kuzeeka, winga anazeeka mapema kwasababu mbio ndio zinaondoka kwanza, akili inabaki. Thiago Silva, beki wa kati, alikwenda Chelsea bure 2020 akiwa anakaribia 36, msimu ule ule wakabeba Ligi ya Mabingwa. Pirlo, kiungo, Milan walimwacha aondoke bure 2011 ana miaka 32, Juventus wakamuokota, misimu minne makombe manne ya ligi. Kwahiyo umri peke yake haukwambii kitu, muulize anaishi kwa mguu au kwa jicho. Hii ningeitaka niieleze vizuri lakini basi, siku nyingine.

Mkataba. Mwaka mmoja, na nyongeza itegemee mechi alizocheza, si jina. Na kabla hajasaini kocha akae nae peke yao, viongozi watoke nje, amwambie wazi wiki ipi ataanza na wiki ipi hataanza, na amwambie yule kijana anayemfuata ni nani na atapata dakika ngapi. Akikasirika kwenye hicho kiti, mmeokoa pesa yenu.

Ilikuwa niongelee na ligi ya China na straika Tevez, magoli manne tu ya ligi kwa mshahara ule, naona muda umekata. Kaka uliyeinua mkono tangu kwa Ronaldo, njoo hapa mbele uchukue maiki.