Kuitembeza programu yako: mazungumzo na vijana wa kompyuta, Tanga

Asanteni kwa kuja, najua wengine mmetoka mpaka Pongwe na joto hili. Leo nataka tuongee jambo moja tu, hii tabia ya mtu kumaliza programu yake halafu anamwaga linki kila grupu la watu wa kompyuta, pakua, sambaza, basi, na admini akimtoa anakasirika anasema Waswahili hatupendani. Hapana jamani, hakuna aliyekuchukia, ni vile hujatupatia kitu.

Na hili halijaanza kwetu. Mei 1978 huko Marekani, Gary Thuerk wa kampuni ya Digital Equipment alituma tangazo la kompyuta zao mpya kwa watu karibu 400 kwenye ARPANET, mtandao wa serikali na watafiti, anwani zenyewe zilivyo nyingi zikafurika mpaka ndani ya barua. Alilalamikiwa vibaya sana. 1994 mawakili wawili, Canter na Siegel, wakabandika tangazo la bahati nasibu ya viza ya Marekani kwenye maelfu ya makundi ya Usenet, yale majukwaa ya majadiliano ya mtandaoni ya zamani, hata yasiyohusika kabisa, watu wakawaka.

Sasa chukua Agosti 25, 1991. Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 Helsinki, naye alienda kutangaza kazi yake mwenyewe, tena kwa watumiaji wa Minix, mfumo endeshi mwingine wa kompyuta. Lakini aliandikaje? Kasema anatengeneza mfumo endeshi wa bure, hobi tu, akawauliza wenzake wanapenda nini na hawapendi nini kwenye Minix, na akasema wazi huenda usikubali diski zaidi ya aina aliyonayo yeye. Ndio Linux hiyo, imo ndani ya hizo Android mlizoshika.

Wazee wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye programu mimi sikubaliani nao, wanisamehe. Programu nzuri iliyolala kwenye laptop Chumbageni haijiuzi hata kidogo, lazima itembezwe, ishu ni unaitembezaje.

Tuseme umeandika programu ya hesabu za wachuuzi wa samaki pale Deep Sea. Ukiposti "programu bora Afrika Mashariki", mtu wa Mwanza aifanyie nini? Ila mwambie hivi, mtandao ulikuwa unakatakata nikaamua kila simu itunze mauzo yake kwenye SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya simu yenyewe, mtandao ukirudi nakuta simu mbili zina rekodi ileile bei tofauti, nikasema iliyoandikwa mwisho ndio ishinde, kumbe saa ya simu moja iko nyuma, bei sahihi ikafutika, nyie mngefanyaje? Hapo hata asiyeipakua kajifunza, watu watabishana mpaka usiku, na jina la programu yako tumeshalijua bila wewe kulipigia debe.

Kule Hacker News, tovuti ya majadiliano ya watu wa kompyuta, ukileta kazi yako chini ya Show HN, sehemu ya kuonyesha ulichotengeneza, lazima iwe kitu mtu anaweza kukijaribu mwenyewe, ukurasa wa kujiandikisha peke yake hauhesabiki. Naipenda sana kanuni hii, tuichukue. Halafu sema ni ya kwako, usijifanye umeiokota mahali, usitafute marafiki waje kuisifu, na ukishaposti kaa hapohapo ujibu, hasa yule anayesema kwake imegoma, maana huyo kakufanyia majaribio bure kabisa.

Haya, nani ana programu hapa? Njoo mbele na simu yako, anza na pale inapogoma.