Asiyekuwapo na Lake Halipo

Asalaam aleikum. Wazazi wangu, walimu wenzangu, wanabodi wa shule, na nyinyi vijana mliong'ang'ania dirisha kwa ajili ya upepo, hamjambo. Nimepewa nusu saa nizungumzie usawa katika shule za umma. Nilifundisha shule za msingi hadi nilipostaafu mwaka 2021, hapa Mombasa, miaka mingi Kisauni, ile ya mwisho Likoni. Nusu saa haitimii hata kipindi kimoja cha hesabu, kwa hivyo salamu nyingine mtanisamehe.

Nianze na rejista. Nyote mnaijua: kile kitabu kirefu ambacho mwalimu hukifungua asubuhi akaita jina moja moja, na mtoto akajibu "yupo". Zamani kitabu kile ndicho kilichokuwa shahidi. Mtoto akiitika, yupo. Siku hizi kuna rejista ya pili, iliyo ndani ya kompyuta ya Wizara ya Elimu, iliyoanza kwa jina la NEMIS. Mtoto hupewa nambari yake humo, na pesa za serikali huifuata nambari. Ili apate nambari, shule huulizwa cheti chake cha kuzaliwa.

Mwaka mmoja pale Likoni nilikuwa na watoto sita walioitika asubuhi kwenye kitabu changu na ambao kompyuta haikuwa na habari nao. Sita si wengi, mtasema. Lakini sita hao walikaa kwenye madawati, walitumia chaki, walishika vitabu, walikwenda chooni, na pesa yao haikuja. Tulichofanya ni kile afanyacho kila mama nyumbani wageni wakija bila taarifa: tuliongeza maji kwenye mchuzi. Pesa za waliohesabiwa zikawalisha na wasiohesabiwa.

Sasa fikirini nani hao wasiohesabiwa. Si mtoto wa karani wa bandarini. Huyo cheti chake kilitoka kabla hajaota meno. Ni mtoto aliyezaliwa nyumbani kwa mkunga, ni yule aliyeachwa kwa bibi mama alipokwenda Uarabuni kutafuta kazi, ni yule ambaye wazazi wenyewe hawana kitambulisho. Shule iliyo katikati ya mtaa wa hali ya chini ndiyo huwapokea watoto wa namna hiyo kwa wingi. Kwa maneno mengine, shule yenye mzigo mkubwa ndiyo inayopunjwa, na inapunjwa kwa sababu mlango wake uko wazi. Mwalimu mkuu anayewafukuza watoto hao hesabu zake huwa safi kuliko za yule anayewapokea. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Hawa wapo, na lao halipo.

Katika sita wale palikuwa na binti mmoja, mwepesi wa hesabu, mwandiko mzuri kuliko wangu. Alilelewa na bibi yake, ambaye ukoo wao ulitoka Pemba miaka mingi nyuma wakafuata samaki hadi pwani yetu. Nilimwita bibi shuleni nikamwomba cheti cha mtoto. Akaniangalia hivi, akaniambia, "Mwalimu wangu, mimi mwenyewe sina karatasi. Huyu ataipata wapi?"

Tukaanza safari. Barua ya mzee wa mtaa, barua ya chifu, kadi ya kliniki iliyoliwa na maji ya mvua, usajili wa kuchelewa. Ofisi moja ikatutuma kwa nyingine, ile nyingine ikaturudisha ya kwanza. Usajili wa mtihani wa darasa la nane ukafungwa sisi tuko kwenye foleni. Binti yule alirudia darasa mwaka mzima kwa kungoja karatasi, wala hakuwa amefeli kitu.

Wengi wenu mnajua yaliyotokea nchini kwa watu kama bibi huyo. Wamakonde wa Kwale walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 kudai uraia wakaupata. Wapemba walitambuliwa mwaka 2023. Nafurahi kwa ajili yao. Lakini kutambuliwa kwa kabila ni jambo moja, na karatasi mkononi mwa mtoto wa gredi ya tatu ni jambo jingine. Hapo katikati kuna ofisi, nauli ya matatu, na siku ya kibarua ambayo mzazi hataipata tena.

Wanasheria mliomo humu mtanisahihisha, lakini mimi hukipenda Kifungu cha 53 cha Katiba kwa jinsi kilivyopangwa. Aya ya kwanza inasema kila mtoto ana haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa. Aya inayofuata hapo hapo inasema ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Walioandika waliziweka mbili hizo bega kwa bega. Sisi tumeigeuza ya kwanza kuwa kufuli ya kuizuia ya pili. Serikali inashindwa kumpa mtoto cheti, kisha inamwadhibu mtoto kwa kukosa cheti.

Haya, tuje kwenye pesa zenyewe, maana kuna mzee hapa mbele ameshika kalamu.

Elimu ya msingi ilipofanywa ya bure Januari 2003, mgao wa kila mwanafunzi ulikuwa shilingi 1,020 kwa mwaka. Baadaye ukawa 1,420, na umekaa hapo muda mrefu hata bei ya unga imeusahau. Gawanyeni kwa mihula mitatu: haifiki shilingi 500 kwa muhula. Humo mna vitabu, chaki, ukarabati, maji na stima. Mtoto huyo huyo akiingia sekondari msingi, gredi ya saba, mgao unaruka hadi shilingi 15,042. Shule za sekondari msingi ziko ndani ya shule za msingi, mnajua. Geti moja, kengele moja, mwalimu mkuu mmoja, na watoto wawili ndugu wanaotembea pamoja asubuhi, mmoja wa 1,420 na mwingine wa 15,042. Sisemi yule wa gredi ya saba anapata kingi. Nasema yule mdogo, anayefundishwa kusoma, ambaye asipokamata herufi sasa hatazikamata tena, ndiye tuliyemwekea kidogo.

Shule ya upili tangu 2018 imepangiwa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi. Mwaka 2025 Waziri wa Fedha aliwaambia wabunge kwamba hazina inaweza kutoa kama 16,900 tu. Na hizo huja kwa awamu, nusu muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili, 20 wa tatu, zikija kwa wakati. Zisipokuja kwa wakati mwalimu mkuu anafanya nini? Mwenye duka la mchele hangoji hazina.

Anamgeukia mzazi. Na hapa ndipo usawa unapovunjika vipande. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza karo katika shule ya umma, na ikasema mtoto asikatazwe kusoma kwa kukosa kulipa michango mingine. Tunajua michango hiyo: ya mtihani, ya mlinzi, ya mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya shule, ya dawati, ya masomo ya ziada ambayo yamepigwa marufuku mara ngapi sijui na kila mara yakarudi na jina jipya. Shule moja wazazi wake ni wafanyakazi wa benki na wa bandari. Ikiomba 2,000 kila mmoja, zinapatikana Ijumaa. Shule nyingine baba anabeba magunia Kongowea, mama anakaanga viazi karai jioni. Ikiomba 200, wiki ya pili watoto thelathini wako nyumbani. Serikali imetoa shilingi ile ile kwa zote mbili na inasema imetenda sawa. Imetenda sawa kweli. Haki ndiyo iliyokosekana.

Kuna watu, na wengine nawaheshimu, wakisikia hivyo husema, "Mwalimu, unataka upendeleo." Mimi huwauliza: umevuka feri ya Likoni? Mwenye miguu anapita bure. Mwenye gari analipa, na mwenye lori analipa zaidi. Chombo ni kimoja, maji ni yale yale, na sijamsikia dereva wa lori akisema mama mwenye kapu amependelewa. Tulikubaliana zamani kwamba hawawezi kutozwa sawa, tukavuka. Hata katika elimu kanuni hiyo tayari tunayo, kwa sababu mtoto mwenye ulemavu hutengewa nyongeza juu ya mgao wa kawaida. Ninachodai ni kwamba shule iliyo mahali pa umaskini nayo iongezewe, kwa hesabu inayojulikana na kutangazwa, si kwa huruma ya mkubwa aliyepita na msafara.

Hesabu ya watu ina historia mbaya hapa mjini, wacha niigusie. Wakati wa ukoloni shule zilipangwa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu, za Waafrika, na pesa zikafuata ngazi hiyo. Jengo la Allidina Visram tunalolipita kila siku lilijengwa kwa ajili ya watoto wa Kihindi. Uhuru ukafuta rangi kwenye milango. Lakini mwaka 1965 serikali yetu wenyewe, katika Waraka wa Bunge nambari 10, ikaamua pesa za maendeleo ziende kwanza mahali panapozalisha zaidi. Palipokuwa na shule na reli na kahawa pakaongezewa, pasipokuwa na kitu pakaambiwa pasubiri. Mwenye kuku akapewa mayai.

Katiba ya 2010 ilikuja kurekebisha hilo. Kifungu cha 204 kikaunda Mfuko wa Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa, kwa maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Tume ya Ugavi wa Mapato ilipotoa orodha ya kwanza ya kaunti 14, Kwale ilikuwemo, Kilifi ilikuwemo, Tana River, Lamu, Taita Taveta, zote. Mombasa peke yake katika Pwani ikabaki nje. Sababu yake ni wastani. Ukichanganya Nyali ya matajiri na mtaa wa mabanda wa Bangladesh, kule Mikindani, katika sufuria moja ukakoroga, unapata kaunti yenye hali nafuu. Mtoto wa Bangladesh hawezi kuula huo wastani. Ndiyo maana nawaambia watetezi wenzangu, tukidai hesabu tusiidai ya kaunti. Tuidai ya kata, na ikiwezekana ya shule.

Na tujue tunamdai nani, maana nimeona watu wakimzomea mwakilishi wa wadi kwa ajili ya darasa la gredi ya nne lililobomoka, naye maskini hana mamlaka hayo. Chekechea ni za kaunti, Katiba imesema hivyo, kwa hiyo mwalimu wa chekechea asipolipwa, nendeni kwenye bunge la kaunti wakati wa bajeti. Shule za msingi na za upili ni za serikali ya kitaifa, walimu ni wa TSC, tume inayowaajiri, na madarasa mengi hujengwa kwa fedha za maendeleo ya eneo bunge, kwa hiyo hapo mnamtafuta mbunge. Pesa za shule yenyewe ziko mikononi mwa bodi ya usimamizi. Muulizeni mwalimu mkuu kiasi kilichoingia muhula huu, kwa watoto wangapi, na kwa nini hesabu hiyo haifanani na ya rejista ya darasani. Ulizeni kwa adabu. Walimu wakuu wengi wanaombea mtu awaulize, kwa sababu peke yao wakilalamika huitwa wakaidi.

Kuhusu basari, ule msaada wa karo, nitasema kidogo kwa sababu nitakosana na watu. Mzazi anaamka alfajiri kupanga foleni ya fomu, anapata elfu tatu, anapigwa picha, anaambiwa ashukuru. Pesa ni zake, za kodi ya sukari aliyonunua dukani. Mwaka unaofuata hana uhakika. Basari imesomesha wengi na siibezi, ila mtoto wa kidato cha tatu hawezi kujenga masomo yake juu ya bahati ya foleni.

Mnaotoka na karatasi leo, mimi naomba tuandike kitu kimoja. Kila aliye na uhusiano na shule, awe mzazi, mwalimu au imamu wa msikiti wa jirani, ahesabu watoto walio darasani na wasio na cheti. Majina yasiandikwe, hilo ni muhimu, tusije tukawaletea watu askari mlangoni. Idadi tu, shule na gredi. Tukiwa na idadi ya Likoni nzima, Kisauni nzima, Jomvu na Changamwe, twende nayo kwa wasajili wa vizazi tuwaombe waje shuleni Jumamosi na vitabu vyao, badala ya bibi kupanda matatu tatu. Chanjo hupelekwa shuleni. Usajili wa kupiga kura hupelekwa sokoni. Cheti nacho kina miguu kikitakiwa.

Binti yule, kwa kuwa mtaniuliza, cheti alikipata. Alinipigia simu mwenyewe. Nilimuuliza wamemwandika jina sawasawa, akacheka, akasema wamekosea herufi moja, na ameambiwa akirekebishe.

Mama mwenye leso ya buluu pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja michango ya mlinzi. Bi mkubwa, karibu, mpeni kipaza sauti.