Injini Ikishafungwa Upya: Zile Kilomita za Mwanzo

DEREVA: Karibuni tena wasikilizaji, tuko Chumbageni hapa Tanga, nipo na kaka fundi kama kawaida. Shikamoo kaka.

FUNDI: Marahaba mdogo wangu, za kijiweni?

DEREVA: Nzuri kaka, ila mada ya leo nimeileta mwenyewe manake inanihusu. Jana nimefungiwa bloku mpya, ile silinda pistoni inamopanda na kushuka, na pistoni na ringi zake, mara ya pili mwaka huu, na ile ya kwanza niliiua ndani ya siku moja.

FUNDI: Waeleze ilikuwaje, usiwafiche, kuna mtu yuko njiani kufanya hivo hivo sasa hivi.

DEREVA: Yani pikipiki ilikuwa inakula oili, moshi wa bluu nyuma, nikaipeleka gereji moja hivi, wakafungua wakafunga. Ikawashwa ikaachwa sailensi, inanguruma tu bila kuvutwa resi, toka saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana, wameiwekea kitambaa kibichi juu ya bloku wanakimwagia maji, wakaniambia hapo inajizoesha yenyewe. Saa tisa nakabidhiwa, hesabu ya bosi 7,000 sijapata hata mia, wakaja abiria wawili na kiroba cha dagaa wanaenda Muheza, nikaona hii pesa, nikapakia mishikaki nikashika lami. Kilomita 30 na ushee hizo, nimevuta resi mpaka mwisho gia ya juu, nimeiacha Pongwe kidogo tu nikaanza kuisikia nzito, kama mtu kakanyaga breki ya nyuma, afu ikazima tairi likaburuza.

FUNDI: Ulibana klachi?

DEREVA: Nilibana, ndo ilitusaidia hatukuanguka.

FUNDI: Msikie hapo jamani. Pikipiki ikianza kuwa nzito ghafla kwenye mwendo, bana klachi kwanza, mengine baadaye, manake injini ikikaba tairi la nyuma linafunga na mko watatu juu.

DEREVA: Sasa kaka kosa lilikuwa la nani, mimi au kule gereji?

FUNDI: Yote mawili, na la gereji ndo watu wanalihesabu kuwa ni kuitunza injini. Bloku mpya ukiichungulia ndani utaona mikwaruzo inakatizana, kama macho ya wavu wa kuvulia. Watu wanadhani ni ubovu, kumbe imewekwa makusudi, inashika oili na inazisaga ringi kidogo kidogo mpaka zikae sawa na ukuta. Sasa ringi inakandamizwa ukutani na nini? Ina springi yake kidogo, ila nguvu kubwa ni ule moto unaolipuka juu ya pistoni, gesi inaingia nyuma ya ringi inaisukuma nje. Ukiwa sailensi mlipuko ni mdogo, ringi haisukumwi vya kutosha, inateleza tu juu ya oili masaa manne, ukuta unakuwa kioo. Ukishakuwa kioo ringi haikai tena, oili inapanda juu, moshi ule ule uliokutoa nyumbani unarudi.

DEREVA: Na pikipiki zetu zinapozwa na upepo.

FUNDI: Enhee, upepo wenyewe unaupata ukitembea! Imesimama na jua hili la Tanga unategemea nini? Kitambaa kibichi kinapoza upande mmoja tu, bloku inapoa huku inachemka kule. Mi hicho kitu sikipendi hata kidogo.

DEREVA: Haya, na kosa langu?

FUNDI: Wewe uliipa mzigo na resi moja ndefu bila kuipumzisha. Pistoni mpya na bloku nafasi yake ni ndogo mno, sehemu za mia za milimita. Pistoni ni aluminiamu, ikipata joto inatanuka kuliko bloku, nafasi inaisha, vinashikana. Barabara ya Muheza ndefu resi haipandi haishuki, joto linajilimbikiza tu.

DEREVA: Basi jana ulivonifungia hii ukanizungusha mpaka nikashangaa. Kwanza plagi nje, ukaniambia piga kiki mara nyingi.

FUNDI: Oili ipande ifike kwenye kemu, ile shafti inayofungua vavu, kabla haijawaka. Afu tukawasha, dakika mbili tatu, tunaangalia kama inavuja, tukazima ipoe, tukawasha tena, ukatoka.

DEREVA: Nikaenda Raskazone mara tatu. Gia ya pili na ya tatu, navuta resi mpaka nusu au zaidi kidogo, naachia, mwendo unashuka wenyewe ikiwa kwenye gia hiyo hiyo, klachi sibani, navuta tena.

FUNDI: Kile cha kuachia ndo dawa. Ukivuta, ringi zinasukumwa ukutani. Ukiachia, injini inanyonya, oili inapanda kidogo inazipoza ringi na kuosha unga wa chuma.

DEREVA: Ila kaka niongelee wenzangu, bosi hakupi siku mbili bila hesabu ati injini inazoea. Wengi watapakia tu.

FUNDI: Mi siwakatazi kazi. Hizo kilomita 50 za mwanzo tembea mwenyewe, baada ya hapo pakia abiria mmoja, safari za mjini. Ngamiani kule barabara zinakatizana, unaondoka, unasimama, unapanda gia, unashuka, injini haikai resi moja hata dakika mbili. Kuizoesha injini hakuna kuzuri kama huko. Muheza na Pangani waachie wengine mpaka ufike kilomita 500. Na bosi mwambie ukweli, siku mbili za hesabu ni pesa ndogo kuliko bloku nyingine.

DEREVA: Na oili?

FUNDI: Ya kwanza mwaga mapema, kilomita 50 mpaka 100, usiionee huruma, chukua kitambaa cheupe uipitishe utaona inametameta, kile ni chuma. Chujio la pikipiki nyingi za kazi ni wavu tu, unga ule haliushiki. Weka ya kawaida 20W-50 ya pikipiki, iwe imeandikwa JASO MA, manake klachi yetu inaogelea kwenye oili hiyo hiyo, ukiweka ya gari inaweza kuteleza. Afu tena ukifika 500. Siku hiyo ya oili ya kwanza, injini ikiwa baridi, tunaangalia na vavu. Na eya klina, lile chujio la hewa! Umenunua bloku mpya afu eya klina imechanika, vumbi linaingia moja kwa moja linasaga ringi, kwa kweli inaniuma nikiona.

DEREVA: Kaka tatizo mita yangu imekufa zamani, hizo 100 nitazijuaje?

FUNDI: Hesabu kwa mafuta. Lita moja inakupeleka wapi ukiwa mwenyewe?

DEREVA: Arobaini na kitu, hamsini nikiwa mpole. Toka jana nimeweka lita mbili na inakaribia kukauka.

FUNDI: Basi umeshafika. Kesho alfajiri kabla hujaingia kijiweni njoo ikiwa baridi tuangalie vavu, afu tuiwashe dakika tano tu oili ilainike, tumwage.

DEREVA: Saa kumi na mbili nipo hapa kaka.

FUNDI: Njoo na kitambaa cheupe.