Chuma Kilichokuwepo: Bei za Mnadani za Magari Yaliyotokea Kwenye Filamu

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuitikia mwaliko. Nimeombwa nizungumzie bei ambazo watu hulipa mnadani kwa magari ya zamani yaliyopata jina kupitia filamu. Nitaanza na tarehe 10 Januari 2020, Kissimmee, jimbo la Florida, Marekani. Siku hiyo kampuni ya mnada ya Mecum ilipandisha jukwaani Ford Mustang GT ya mwaka 1968, ya kijani iliyokolea, ileile aliyoiendesha mwigizaji Steve McQueen katika filamu ya Bullitt. Mwenye gari hakuweka kiwango cha chini cha kumlinda. Dau la kwanza likawa dola 3,500. Watu wakashindana, bei ikapaa, na nyundo ilipogonga ilikuwa dola milioni 3.4. Ukijumlisha ada ya mnunuzi, zimetoka dola milioni 3.74. Kabla ya hapo hakuna Mustang iliyokuwa imefika bei hiyo mnadani.

Sasa litazameni gari lenyewe. Rangi imefifia, kutu ipo, ndani kumechakaa. Mustang nyingine ya mwaka huohuo, yenye injini ileile, iliyofanyiwa ukarabati hadi inang'aa, unaipata kwa sehemu ndogo sana ya fedha hizo. Kwa hiyo tuulize bila kuzunguka: mnunuzi amenunua nini?

Hoja yangu usiku huu ni kwamba hakununua uzuri, wala mwendo, wala hata umaarufu peke yake. Umaarufu wa filamu ni wa wote, kila aliyeitazama anao. Alichonunua ni uhakika kwamba chuma hiki ndicho kilichokuwepo mbele ya kamera, na si ndugu yake wa kiwandani. Uhakika huo ni adimu, na ndio unaopimwa kwa nyundo ya dalali.

Nikae kidogo na Mustang hii, maana inafundisha. Filamu ilipokwisha, gari lilinunuliwa na mfanyakazi wa studio, kisha likaenda kwa askari mpelelezi huko New Jersey, na mwaka 1974 likatangazwa kwenye jarida la magari na kununuliwa na familia moja kwa dola elfu chache tu. Hiyo familia ililitumia kama gari la kila siku. Mama wa familia hiyo aliliendesha kwenda kufundisha shule. Mwaka 1977 McQueen mwenyewe aliandika barua akiomba auziwe, na akasema yuko tayari kuwatafutia Mustang nyingine inayofanana nalo. Hawakumkubalia. Mwaka 1980 klachi ikafa, gari likaegeshwa, na dunia ikapoteza habari zake mpaka Januari 2018 lilipofunuliwa kwenye maonyesho ya magari ya Detroit.

Ukiinama ukachungulia chini ya milango, bado vimechomelewa vyuma vilivyoshikilia kamera. Sehemu za mbele zinazobeba shokomzoba ziliongezewa nguvu ili zihimili mitaa ya San Francisco yenye miinuko. Hakuna kiwanda kilichoyafanya hayo. Yalifanywa na mafundi wa filamu kwa ajili ya kazi moja. Sasa unganisha: namba ya chasisi inakubaliana na kumbukumbu, mnyororo wa wamiliki haukukatika, barua ya McQueen ipo, na alama za uchomeleaji zipo mahali pake. Kila kimoja peke yake kingeweza kubishiwa. Vikiwa pamoja, anayebisha hana pa kushika. Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari limezidi thamani ya mali.

Kwa nini uhakika huu uwe adimu? Kwa sababu filamu mara nyingi haitumii gari moja. Kuna gari la kupigwa picha za karibu na mwigizaji mkuu, kuna la kurushwa na kugongwa, kuna la kubeba kamera. Bullitt ilikuwa na Mustang mbili. Baada ya filamu, studio huwa haina haja nayo tena: yanauzwa, yanabomolewa, yanasahaulika.

Aston Martin DB5 ya James Bond, yule jasusi wa filamu, inalionyesha hili vizuri kuliko gari lolote. Katika Goldfinger ya mwaka 1964 yalitumika mawili: moja lililobeba vile vifaa vya kijasusi, na jingine la kuendeshwa barabarani. Baadaye yakaundwa mengine mawili yenye vifaa, kwa ajili ya kuitangaza Thunderball, filamu nyingine ya Bond. Sikilizeni kilichotokea. Lile la kwanza, lenye vifaa vya asili, lilirudi kwa kampuni, vifaa vikang'olewa, na mwaka 1968 likauzwa kama gari lolote lililotumika! Mmiliki wa baadaye alilazimika kulitengenezea vifaa upya. Mwaka 1997 likaibwa kwenye banda la ndege huko Boca Raton, Florida. Yaani gari lililokuwa na haki ya kuwa ghali kuliko yote lilivuliwa ushahidi wake na wale waliolitengeneza, kisha likatoweka.

La pili, lile la barabarani, lilinunuliwa kutoka kwa kampuni mwaka 1969 kwa dola 12,000, likakaa kwa mtu mmoja zaidi ya miaka 40. Mwaka 2010 likauzwa London kwa takriban pauni milioni 2.9, ada ikiwemo. Halafu mwaka 2019, huko Monterey, California, kampuni ya mnada ya RM Sotheby's ikauza mojawapo ya yale ya matangazo kwa dola milioni 6.385. Hilo halikutokea kwenye filamu hata mara moja. Wengi walishangaa, na mimi nadhani mshangao wao ulikuwa wa haki. Tofauti ya miaka tisa ina sehemu yake, kwa kuwa DB5 zote zilikuwa zimepanda bei. Lakini pia gari lile lilikuwa na asili isiyo na shaka: liliagizwa na watengenezaji wa filamu, likawekwa vifaa vyote 13, na historia yake inafuatilika. Soko lilipokosa chuma kilichokuwepo, likamlipa vizuri jamaa yake wa karibu mwenye karatasi safi. Mimi nisingelipa. Kwangu lile la 2010, lililokanyaga barabara zinazoonekana kwenye picha, linastahili zaidi, na sioni sababu ya kuficha msimamo huo.

Kuna magari ambayo hayana cha kulinganishwa nacho, kwa sababu bila filamu yasingekuwepo. Lincoln Futura lilijengwa Turin, Italia, kwa ajili ya kampuni ya Ford, kama gari la maonyesho la mwaka 1955. Ford hawakuwa na kazi nalo tena, wakamwachia fundi wa magari George Barris kwa dola moja, naye akaligeuza kuwa gari la Batman la mwaka 1966. Januari 2013 liliuzwa Scottsdale, Arizona, kwa dola milioni 4.62. Jingine ni ile Lotus Esprit ya The Spy Who Loved Me, filamu nyingine ya Bond, inayozama baharini ikageuka nyambizi. Haina uwezo wa kwenda barabarani: ni bodi tu yenye mitambo ya majini, na mzamiaji alikaa ndani akiwa na mtungi wa hewa, maji yakiwa yamemzunguka. Baada ya filamu ilifungiwa kwenye ghala la kukodi Long Island. Kodi ilipoacha kulipwa mwaka 1989, mtu mmoja alinunua vilivyomo bila kuviona, kwa kama dola mia moja. Mwaka 2013 ikauzwa London kwa pauni 616,000, na mnunuzi akajulikana baadaye kuwa ni Elon Musk.

Lakini msidhani filamu ndiyo hubeba mzigo wote. Porsche 917K namba 024 ilitumika kuigizia filamu ya Le Mans, ikauzwa mwaka 2017 kwa dola milioni 14.08. Hiyo ni mashine ya mashindano. Ilikuwa mali ya dereva Jo Siffert, na mwaka 1971 iliongoza msafara wa mazishi yake. Kwangu hilo ni zito kuliko filamu. Ford GT40 iliyokatwa paa ili ibebe kamera katika filamu hiyohiyo ilifika dola milioni 11 mwaka 2012, nayo pia ilitoka kwenye mashindano ya kweli. Kwa magari ya daraja hili filamu ni nyongeza. Geuza upande wa pili: Ferrari nyekundu ya filamu ya Ferris Bueller's Day Off ilikuwa ya kuigiza, bodi ya faiba juu ya injini ya Ford. Mwaka 2020 moja ya zilizotumika ilileta dola 396,000. Ferrari halisi ya aina hiyo, 250 GT California ya mwaka 1961, ilikuwa imeuzwa Paris mwaka 2015 kwa euro milioni 16.3. Kwa hiyo filamu inaweza kuipa nakala thamani ya nyumba, ila haiwezi kuifanya kuwa Ferrari.

Mkisoma bei hizi magazetini, angalieni jambo moja: je, ni bei ya nyundo au ni pamoja na ada? Mustang inatajwa kwa milioni 3.4 na 3.74, na zote ni kweli, tofauti ni ile asilimia 10 ya mnada. Ukilinganisha nyundo ya gari moja na jumla ya jingine, umejidanganya.

Nimalizie na Mustang ya pili ya Bullitt, ile ya kurushwa. Ilidhaniwa imeshafanywa chuma chakavu. Mwaka 2017 ikapatikana Baja California, Mexico, ikiwa gofu. Waliokuwa nayo walikusudia kuigeuza nakala ya Mustang ya filamu nyingine kabisa, na wangefanikiwa kama namba ya chasisi isingechunguzwa kabla ya kazi kuendelea. Wiki chache zaidi za kuchomelea na kupiga rangi, zile alama zingezikwa chini ya chuma kipya. Ndiyo maana naziomba studio zinazohifadhi orodha za namba za chasisi za magari ziliyoyatumia zizifungue kwa watafiti, na wanaopiga filamu leo waandike namba hizo siku gari linapoingia kazini. Nawaomba pia mafundi wanaopelekewa gari la aina hii wasifute kitu chini ya milango kabla hakijapigwa picha na kupimwa.