Kusoma Kunapofuta: Mhadhara Kuhusu Kumbukumbu ya Kompyuta

Ndugu walimu, wanafunzi na wageni wetu, habari za jioni.

Wengi tunadhani kwamba data ikishaingia kwenye kompyuta imetulia, na kwamba kuisoma hakuigusi. Ndani ya RAM kuu ya kompyuta, yaani kumbukumbu inayoshika kazi inayoendelea, mambo ni kinyume kabisa: kusoma ni kufuta.

Mwaka 1966 Robert Dennard, mhandisi wa IBM nchini Marekani, alibuni njia ya kuhifadhi biti moja (yaani moja au sifuri) kwa transista moja, ambayo ni swichi ndogo ya umeme, na kapasita moja tu, ambayo ni kihifadhi cha chaji. Kapasita ikiwa na chaji, hiyo ni moja; ikiwa haina, ni sifuri. Mwaka 1970 kampuni ya Intel ikatoa chipu iitwayo 1103, yenye biti 1,024, ingawa bado ilitumia transista tatu kwa kila biti. Simu mlizo nazo hapa zina mabilioni ya seli za namna ya Dennard, kila moja ikishika biti moja.

Lakini kapasita hiyo ni ndogo mno na chaji yake huvuja. Kwa hiyo kila seli hujazwa upya, kwa kawaida ndani ya kila milisekunde 64. Umeme ukikatika, hakuna wa kujaza, na kazi ambayo hukuihifadhi imepotea.

Sasa tusome. Seli zimepangwa kwa safu. Ukitaka biti moja tu, safu nzima hufunguliwa, maelfu ya seli kwa mpigo, na kila seli humwaga chaji yake kwenye waya. Volti ya waya hupanda au kushuka kidogo sana. Pembeni kuna kikuza ishara kinachong'amua badiliko hilo na kuamua: hii moja, hii sifuri. Wakati huo seli imeshapoteza ilichokuwa nacho! Basi kikuza kilekile huirudishia chaji kabla safu haijafungwa. Ndiyo maana programu inayosoma data zilizofuatana huenda mbio kuliko inayorukaruka: safu ikiwa wazi tayari, gharama ya kuifungua imeshalipwa.

Tabia hii ni ya zamani kuliko Dennard. Pete ndogo za sumaku, zilizotumika sana miaka ya 1960, zilisomwa kwa kuzilazimisha zote ziwe sifuri: iliyogeuka ilikuwa moja, na ilibidi iandikwe tena. Kompyuta ya chombo cha Apollo ilikuwa na maneno 2,048 ya aina hiyo (neno ni kundi la biti zinazosomwa pamoja). Programu zake zilikaa kwingine, katika maneno 36,864 yaliyofumwa kwa waya: waya ukipita ndani ya pete ni moja, ukipita nje ni sifuri. Waliofuma ni wanawake wa kiwanda cha Raytheon huko Waltham, Massachusetts. Kazi ya mikono yao ilifika mwezini mwaka 1969, na kwangu mimi wanastahili kutajwa kila wanapotajwa wahandisi.

Ipo pia RAM ya transista sita kwa kila biti, inayokaa ndani ya prosesa, yaani chipu inayofanya mahesabu. Haihitaji kujazwa upya, wala kusomwa hakuifuti, na ni ya kasi sana. Ila inakula nafasi, ndiyo maana huwekwa kidogo.

Nimalizie na flashi, aliyoibuni Fujio Masuoka wa Toshiba, Japani, na kuitangaza mwaka 1984. Hapa elektroni hunaswa ndani ya kizio, yaani tabaka lisilopitisha umeme, na hubaki hata umeme ukizimwa. Kusoma hakuzitoi. Ugumu uko kwenye kufuta: hufutwa bloku nzima, yaani kundi kubwa la seli, kwa pamoja, na kila mara kizio huchakaa kidogo. Ili bloku zichakae kwa usawa, flashi huandika toleo jipya la faili mahali pengine, na la zamani likabaki kwa muda. Kwa hiyo kabla ya kumuuzia mtu flashi yako, usitegemee kubonyeza "futa" peke yake. Na ukiifungia kabatini miaka mingi bila umeme, elektroni zitavuja polepole. Usiache humo nakala pekee ya utafiti wako.

Asanteni. Nakaribisha maswali.